Machiya ya Kyoto iliyopigwa skrubu: uzoefu wangu

Niseme mapema kwamba bado nina hasira. Kiangazi kilichopita, joto likiwa kwenye kilele chake, mimi na mume wangu tulikodi machiya mjini Kyoto, Japani, yaani zile nyumba za mbao za wafanyabiashara na mafundi wa zamani, ambazo siku hizi nyingi zinageuzwa kuwa za wageni. Hoteli ya kawaida ingetugharimu kidogo. Tulilipa zaidi kwa ajili ya nyumba yenyewe. Nimezisoma nyumba hizi miaka mingi na nilitaka kukaa ndani ya moja nione zinavyopumua.

Sikuona kitu, kwa sababu milango ilikuwa imepigwa skrubu.

Asiyezijua atasema nakuza mambo. Sikuzi. Machiya ina uso mwembamba barabarani, halafu inarefuka kwenda nyuma, ndiyo maana wenyewe huziita kitanda cha mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka. Kulia na kushoto imebanwa na majirani, huwezi kutoboa dirisha. Hewa na mwanga vinategemea bustani ndogo ya ndani, uwazi wa jikoni unaopanda hadi kwenye paa, na milango ya kuteleza inayogawa vyumba. Watu humwagia maji barabara ya mbele, upande mmoja ukapoa kuliko mwingine, na upepo ukaanza kutembea. Kabla joto halijapamba moto, familia huziondoa fusuma, ile milango iliyobandikwa karatasi nzito, na kuweka ya matete inayopitisha hewa. Hakuna bawaba wala komeo la kuhangaika nalo. Mlango unateleza kwenye mifuo miwili, na wa juu umechimbwa kina kuliko wa chini: unainua mlango, unauvuta kwa chini, umetoka. Hata mtoto mkubwa anaweza. Tena vipimo vya Kyoto vinafuata mkeka wa tatami, sentimita 191 kwa 95.5, kwa hiyo mlango wa nyumba hii mara nyingi unaingia na nyumba ile. Maseremala wale walikuwa na akili ya ajabu!

Halafu akaja mtu na bisibisi.

Usiku wa kwanza kiyoyozi kilikufa. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, joto la unyevu nalijua, lakini Kyoto imezungukwa na milima pande tatu na joto la Agosti halina pa kutokea. Nikamwambia mume wangu tulia, nyumba hii ilijengwa kwa ajili ya usiku kama huu. Nikashika ukingo wa fusuma, ule wa laka nyeusi, nikainua. Haukusogea. Nikapiga magoti na tochi ya simu: skrubu mbili zimepita kwenye fremu na kuzama kwenye kizingiti, laka imebanduka pembeni na mbao imeanza kupasuka. Mlango wa pili vilevile. Upande wa bustani, shoji, ile milango ya kuteleza inayopitisha mwanga, zilikuwa za plastiki badala ya washi, karatasi ya Kijapani, na nyuma yake kioo kisichofunguka kabisa. Bustani ina taa ya jiwe na kangaga zilizostawi vizuri, lakini hata pumzi yake moja haiingii ndani.

Msimamizi alifika kesho yake, jua likiwa limeshapanda, na feni mkononi. Nikamwomba kwa adabu zote, kwa Kijapani changu, atutolee ile milango. Hakunijibu mimi, alimgeukia mume wangu: "Wageni wanaivunja. Wanachotaka ni picha, na picha si mmeshapiga?"

Picha! Nilikosa la kusema.

Lakini nisiwadhulumu. Ukisimama jikoni, kwenye ile njia ya sakafu ya udongo, ukatazama juu, utaona boriti zilizoachwa na mkunjo wake wa asili, zimeshikana kwa viungo vya kuchonga, nyeusi kwa moshi wa majiko ya kuni. Nguzo zimekaa juu ya mawe. Ukuta ni udongo na majani juu ya mianzi iliyofumwa. Moto wa 1864 uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, na machiya nyingi tunazoziona leo zilijengwa baada ya hapo. Tangu sheria ya ujenzi ya 1950, kujenga mpya kwa mtindo ule ule ni shida kubwa, na za zamani zinaendelea kubomolewa ili kupisha maghorofa na maegesho ya magari. Aliyeiokoa hii moja amefanya jambo kubwa, na asubuhi ile pale jikoni nilikuwa tayari kuwapa nyota nne.

Ila kila nikiandika nazidi kupandwa na hasira. Gharama ya kuokoa boriti wameibeba, wakashindwa kununua milango michache ya matete? Tena mtaa wa pili tuliikuta machiya ambayo wenyewe bado wanaishi, imeshabadilishwa milango yote, unaona kutoka barabarani hadi bustani ya nyuma. Basi inawezekana.

Nyota mbili. Hapana, moja, na hiyo ni ya seremala. Ukitaka kukodi machiya kiangazi, kabla hujalipa uliza kama fusuma zinatoka na kama upande wa bustani unafunguka. Wakikujibu kwa kukutumia picha, tafuta nyumba nyingine. Sisi tulirudishiwa pesa ya usiku mmoja kwa sababu ya kiyoyozi, na kuhusu milango hawajanijibu mpaka leo.