Chupa ya kuosha pua, zeri na mvuke wa mkaratusi: kipi cha kununua Goma

Kiangazi kikishika, kuanzia Juni hadi Agosti, vumbi jeusi la lava huingia mpaka ndani ya makabati, na meza za Birere, mtaa wa biashara wa Goma, hujaa dawa za pua na kichwa. Zinazotoka haraka ni kikopo cha zeri ya mentoli na kichupa cha mafuta ya mkaratusi. Chupa laini ya plastiki ya kuoshea pua hukaa nyuma ya kioo kwenye farmasi chache, tena bila maelezo. Kwa mwenye pua iliyoziba na mashavu yanayouma akiinama, hiyo ya nyuma ya kioo ndiyo ya kununua kwanza.

Nyingi huchukua mililita 240 hivi. Kabla ya kulipa fungua kizibo: ndani yake kuwe na kimrija kinachofika karibu na kitako. Kimrija kikilegea, unakamua hewa tu. Ncha iwe pana na ya mviringo, ya kuziba tundu la pua bila kuzama ndani. Vipakiti vya chumvi vinavyouzwa pamoja nayo ndivyo vinavyokula pesa kila mwezi, na jikoni kwako vipo tayari: nusu kijiko cha chai cha chumvi laini, kilichosawazishwa kwa kisu, ndani ya mililita 250 za maji. Hapo unapata karibu gramu 3, yaani 12 kwa lita, kipimo kinachozidi kidogo tu chumvi ya mwili, ambayo ni gramu 9 kwa lita. Bikaboneti (soda ya kuokea) ya kubana kwa vidole viwili hupunguza mwasho. Magadi ya mawe usiguse, ni makali mno kwa pua.

Sasa maji, na hapa hakuna mchezo. Maji mengi ya Goma hutoka ziwani, hupanda mtaani ndani ya bidoni za lita 20, mara nyingi yakiwa yametiwa klori pale ufukweni. Klori hiyo inalinda tumbo dhidi ya kipindupindu. Puani haitoshi, kwa sababu kuna amiba, Naegleria fowleri, anayepanda kutoka puani hadi kwenye ubongo. Ni nadra sana, lakini akimpata mtu karibu kila mara humuua. Kwa hiyo chemsha mpaka yatokote kwa nguvu dakika 1 nzima. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na maji hutokota kwenye nyuzi 95 hivi, lakini dakika hiyo inatosha. Walio juu ya mita 2,000, kama vijiji vya juu vya Masisi, wachemshe dakika 3. Funika, acha yawe vuguvugu, pima joto kwa kudondoshea mkononi wala si kwa kuchovya kidole.

Inama juu ya beseni, uso ukitazama chini, kichwa kikiwa kimegeuka kidogo upande. Fungua mdomo, pumua kwa mdomo, kamua polepole. Maji yataingia tundu moja na kutokea la pili, yakileta makamasi mazito na, msimu huu, chembe nyeusi za vumbi. Nusu ya chupa upande huu, nusu upande ule, mara 1 au 2 kwa siku.

Makosa yanajulikana. Pua ikichoma, chumvi imepungua au imezidi. Maji matupu huchoma kuliko yenye chumvi. Sikio likiuma, umekamua kwa nguvu au umeinua kichwa nyuma, maji yakafuata njia ya masikio. Baada ya kuosha usipenge kwa kuziba tundu moja. Penga matundu yote mawili yakiwa wazi, taratibu. Maji mengine hubaki yamejificha na kudondoka ghafla baada ya nusu saa ukiokota kitu chini, kwa hiyo osha angalau saa 1 kabla ya kulala. Pua ikiziba kabisa pande zote, usilazimishe. Chupa ioshwe kwa sabuni kila mara, ikaushwe ikiwa imepinduliwa, na ibadilishwe kila miezi 3. Ukungu huanzia ndani ya kimrija, mahali jicho halifiki.

Kama chupa haipatikani, serumu ya farmasi (maji safi ya chumvi ya asilimia 0.9) na seringi ya mililita 20 isiyo na sindano hufanya kazi ileile, ila mkono huchoka.

Mvuke wa mkaratusi tunaupa alama za chini, na tunajua wengi watanuna. Uingereza, mwaka 2016, ulichapishwa utafiti wa wagonjwa 871 wenye matatizo ya kudumu au ya kujirudia ya sinusi, yale matundu ya hewa ndani ya mifupa ya uso: waliofundishwa kuosha pua walipata nafuu ya kiasi, walioambiwa wajifukize walipungukiwa na maumivu ya kichwa tu, mengine hayakubadilika. Mvuke hulainisha kwa dakika chache, basi. Na sufuria ya moto mapajani chini ya kikwembe, mtoto akiwa karibu, ni ajali inayongoja siku yake. Ukishikilia, tumia kikombe juu ya meza. Mafuta yenyewe hayanywewi kamwe.

Zeri ina udanganyifu mtamu. Mentoli huamsha neva za ubaridi, ukahisi pua imefunguka, wakati hewa inayopita ni ileile. Lakini kwa kichwa kinachobana kama mkanda ina haki yake: Ujerumani mwaka 1996, mafuta ya mnanaa ya asilimia 10 katika alkoholi, yaliyopakwa kwenye paji na panja, yalituliza karibu sawa na miligramu 1,000 za paracetamol. Paka tone dogo, mbali na macho. Mtoto wa chini ya miaka 2 asipakwe kitu chenye mentoli au kafuri, puani hata kifuani.

Kwa shingo iliyokaza, hasa ya anayebeba mzigo kwa kamba ya paji la uso, mipira miwili ya tenisi ndani ya soksi, ukilalia chini ya kisogo dakika 5 hadi 10, hushinda masaji mengi ya kulipia. Chuku cha kuchanja kwa wembe tunakikataa. Wembe uliotumiwa kwa mwingine hubeba homa ya ini na virusi vya ukimwi.

Kichwa kinachopiga upande mmoja, na kichefuchefu, na mwanga unaokera, mara nyingi ni kipandauso hata kama pua inatiririka, kuosha hakutakiondoa. Vidonge vya paracetamol vikifika siku 15 kwa mwezi, kwa miezi 3, vyenyewe huanza kuleta maumivu. Homa: pima malaria kwanza. Shingo ngumu, jicho lililovimba, au maumivu yaliyolipuka ghafla: hospitali, leo hii.

Na kuna swali ambalo muuzaji haulizi: unalala na mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, ndani? Kichwa kinachoanza usiku na kuisha ukitoka nje ni cha moshi wake, hata kama moshi hauonekani. Kwenye mabonde ya lava kuna pia mazuku, gesi ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini. Ni nzito, hutuama chini, na humfikia kwanza mtoto aliyelala kwenye mkeka.