Jumatatu za filamu za makala katika kibanda umiza cha Ngamiani

Kwa wiki sita sasa nimekuwa nikihudhuria maonyesho ya filamu za makala katika kibanda umiza kimoja cha Ngamiani, hapa Tanga, yanayofanyika Jumatatu usiku kwa sababu siku hiyo mpira huwa haba. Kiingilio ni shilingi 500, mabenchi ni yale yale ya mpira, na feni ni moja, hivyo anayetaka upepo hana budi kuwahi. Sauti ni safi. Mfasiri, kijana anayekaa kando ya runinga na kipaza sauti mkononi, hunyamaza panapostahili kunyamaza, adabu ambayo wenzake wa filamu za mapigano hawajajifunza hadi leo.

Ninalolalamikia ni uchaguzi wa filamu. Mlangoni imebandikwa karatasi inayotangaza «makala bora duniani», na nilipomuuliza mwenye kibanda ubora huo umepimwa kwa kipimo gani, alinijibu kwamba zote ama zimeshinda Oscar au zimeteuliwa kuiwania. Kipimo hicho kina kasoro. Njia ya kawaida ya kuingia katika kinyang'anyiro hicho ni filamu kuonyeshwa kwa siku saba katika majumba ya sinema ya miji maalumu ya Marekani, na baada ya hapo wapiga kura wanapaswa kuisikia na kuitazama miongoni mwa filamu nyingi nyingine, jambo linalohitaji fedha za matangazo ambazo watengenezaji wengi hawana. Kwa hiyo orodha inayotufikia Ngamiani imekwisha kuchujwa kwa mfuko kabla ya kuchujwa kwa sanaa.

Hata filamu iliyovuka vizingiti hivyo haina uhakika. Hoop Dreams ya mwaka 1994, inayowafuata kwa miaka mitano vijana wawili wa Chicago wenye ndoto ya kucheza mpira wa kikapu, ilisifiwa sana na wahakiki lakini haikuteuliwa katika kundi la filamu za makala. Inasimuliwa kwamba wajumbe wa kamati ya uteuzi waliochoka waliwasha tochi gizani, na tochi zilipokuwa nyingi, filamu ikazimwa kabla haijafika mbali. Sisi hapa kibandani hupiga mbinja, lakini angalau filamu huendelea.

Usiku ulionifikirisha zaidi ni ule wa Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, ambayo sisi tuliizoea kwa jina la filamu ya mapanki, yaani vichwa na mifupa ya samaki inayobaki minofu ikishaondolewa, kuhusu sangara wa Ziwa Victoria na ndege zinazosafirisha minofu yao kutoka Mwanza kwenda Ulaya. Iliteuliwa kuwania Oscar ya mwaka 2006, ikashindwa na filamu ya pengwini. Mwaka huo huo Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani. Wahusika walipozungumza Kiswahili, mfasiri aliweka kipaza sauti magotini, na ukumbi mzima ukawa unasikiliza wenyewe. Mama mmoja anayeuza samaki katika soko la Deep Sea alisema kwa sauti, «Kichwa cha samaki kwetu ni supu, sasa aibu iko wapi?» Watu wakacheka, kisha ukaanza mjadala uliodumu hadi mwisho wa filamu. Imepigwa kwa ustadi mkubwa, nami sikatai; lakini swali la yule mama halimo katika kura ya mtu asiyejua panki huuzwaje na huliwa na nani.

Sisemi kwamba tuzo hazina faida. Filamu kuhusu Bobi Wine wa Uganda iliteuliwa mwaka 2024, na pasipo uteuzi huo nina shaka kama mwenye kibanda angeitafuta. Hata hivyo, tamasha la filamu la ZIFF liko Zanzibar, ng'ambo tu ya maji, tangu miaka ya 1990, nalo huzituza pia filamu za makala, lakini katika Jumatatu zote sita sijaona hata moja iliyotoka huko.

Wiki iliyopita nilimwomba mwenye kibanda atuonyeshe Hoop Dreams. Akatikisa kichwa: «Haikuteuliwa, mwalimu.» Nikamweleza kwamba iliteuliwa, ila katika tuzo ya uhariri. Alifikiri kidogo, akaitazama karatasi yake mlangoni, akasema, «Basi inaingia.» Itaonyeshwa Jumatatu ijayo saa moja usiku, na kwa kuwa urefu wake unakaribia muda wa saa tatu, nafasi za karibu na feni zigombewe mapema.