BE FORWARD kwa mnunuzi wa Dar: inatafuta haraka, inahesabu nusu

Kwa anayeagiza gari la mtumba kutoka Japani, sehemu ya kutafutia ya BE FORWARD, tovuti ya Kijapani inayouza magari hayo, inafanya kazi ya msingi vizuri. Unachuja kwa modeli, mwaka, cc, kilomita na bei, na ukichagua bandari ya Dar es Salaam, bei ya FOB (ya gari kabla ya nauli ya meli) inaongezewa nauli hiyo hapo hapo. Hilo ni jambo kubwa, maana nauli hufuata ujazo wa gari: IST ina kama mita za ujazo 10, Harrier ya ACU30 inapita 14. Linganisha magari kwa bei ya jumla. FOB ndogo hudanganya.

Kasoro nzito ni mwaka. Unaoonekana juu ya tangazo kwa kawaida ni mwaka gari liliposajiliwa Japani, na nafasi ya mwaka wa kuundwa mara nyingi iko tupu. TRA, mamlaka ya mapato ya Tanzania, huhesabu umri tangu kuundwa. Ushuru wa uchakavu ni asilimia 15 kwa gari la miaka 8 hadi 10, na asilimia 30 likizidi 10, kwa hiyo gari lililosajiliwa Januari, kumbe liliundwa Novemba iliyotangulia, linaweza kukupandisha ngazi nzima. Namba ya chesesi ya Kijapani haibebi alama ya mwaka kama VIN, namba ya utambulisho ya tarakimu 17 ya magari ya nchi nyingine. Lazima itafutwe kwenye katalogi ya vipuri ya mtengenezaji. Mashine ya kutafutia yenye akili ingefanya hivyo yenyewe kisha ikachuja kwa mwaka wa kuundwa. Kwa sasa, mtake muuzaji akuandikie mwezi na mwaka huo kabla hujalipia profoma (ankara ya awali).

Jambo la pili ni msimbo wa modeli. Andika "IST" na utaletewa mchanganyiko: NCP60 ya cc 1300, NCP61 ya cc 1500, na NCP65 ambayo ni 4WD (inavuta kwa magurudumu yote manne). Hiyo ya mwisho ina propela shafti na difu ya nyuma, vitu vinavyoongeza mafuta na gharama ya fundi kwa mtu anayezunguka mjini tu. Soma msimbo kwenye maelezo ya gari, usitegemee picha.

Chujio la cc nalo litumie kwa faida. Ushuru wa bidhaa haupo hadi cc 1000, ni asilimia 5 hadi cc 2000, na 10 kuanzia hapo. Vitz ya KSP90 yenye cc 996 haitozwi ushuru huo. Ya SCP90, cc 1300, hailingani nayo hata kama FOB ni ileile. Tovuti haikuonyeshi hayo, kwa hiyo kila gari ulilolipenda lipeleke kwenye kikokotoo cha TRA, ambacho kina thamani zake chenyewe na hakifuati FOB uliyoiona.

Kilomita zisizo na uthibitisho zisikupe moyo. Omba karatasi ya mnada, ripoti ya hali ya gari kutoka mnada wa Japani: daraja 4 au 4.5 ni gari zuri, R au RA ni lililowahi kutengenezwa baada ya kugongwa. Ikiwa haipo, lipia ukaguzi unaothibitisha kilomita kabla gari halijapakiwa melini.