Uzoefu wangu na pendulamu ya mikono miwili, hapa Lamu

Ninayo miezi minne sasa, juu ya meza ninayosahihishia madaftari nyumbani kwetu Langoni. Nafundisha fizikia sekondari. Niliiagiza mtandaoni kwa shilingi 3,800, ikaja kwa basi hadi Mokowe, kisha ikavuka kwa boti.

Asiyeijua na aanze na timazi ya fundi: ikibembea, huenda na kurudi, na mtoto anaweza kukuambia itakuwa wapi baadaye. Sasa kwenye ncha ya mkono wa kwanza funga mkono wa pili unaozunguka wenyewe. Ukiisukuma kidogo, bado hubembea kwa utulivu. Lakini inua mikono yote miwili hadi juu, uachie. Mkono wa chini hujipindua, husita hewani kana kwamba umesahau njia, kisha huzunguka mara mbili tatu kwa kasi na kurudi ulikotoka.

Hapo hapana bahati nasibu. Kila mzunguko unafuata kanuni zile zile za Newton ninazoziandika ubaoni. Shida iko mwanzoni: tofauti ndogo ambayo jicho haliioni hukua upesi mno. Nilichora alama ya penseli kwenye chokaa ya ukuta, nikaachia mara mbili kutoka alama hiyo hiyo, mwanafunzi wangu akirekodi kwa simu. Tulipozicheza video zote mbili pamoja, mabembeo mawili ya kwanza yalilingana. La tatu, kwenye video moja mkono ukapinduka kulia, kwenye nyingine ukarudi kushoto. Wanafunzi walinyamaza kimya, nami nikapata nafasi ya kuwaeleza habari za Edward Lorenz, mtaalamu wa hali ya hewa wa Marekani. Mwaka 1961, akirudia hesabu aliyokwisha kuifanya, aliingiza kwenye kompyuta namba 0.506 badala ya 0.506127, na hali ya hewa aliyoikokotoa ikaachana kabisa na ile ya awali. Miaka yote nilikuwa nikilisema jambo hili kwa maneno matupu.

Mjomba wangu, nahodha wa jahazi tangu ujana wake, alikuja baada ya alasiri akaitazama hadi kahawa yake ikapoa. "Mwanangu, bamvua nakutajia siku yake, na maji mafu vilevile. Kichuma hiki kinishinde?" Nikamwambia, mjomba, maji yanavutwa na mwezi na jua, na vipindi vyake vinajulikana, ukikosea kidogo kosa hubaki dogo. Hapa kosa halibaki dogo. Akaomba aachie mwenyewe. Aliachia mara kumi na moja, kila mara akitaja kwanza upande ambao mkono utapindukia.

Kasoro zipo. Ilipofika, beringi zilijaa grisi nzito na mwendo ulikufa kabla ya nusu dakika. Nilizifungua, nikaziosha kwa mafuta ya taa, nikatia tone moja la mafuta ya cherehani. Sasa inakaribia dakika mbili. Kitako ni chepesi, hutembea mezani mikono ikienda kasi, basi nimekibana kwa jiriwa ndogo. Skrubu nazo hazikuwa za chuma cha pua, na kwa hewa yetu ya bahari zilishika kutu wiki ya tatu. Nilimwandikia muuzaji, hakujibu. Nimezibadilisha mwenyewe.

Zipo pia za betri, zenye sumaku kitakoni inayozisukuma zisisimame. Zinapendeza dukani, ila kwa mwalimu sizipendekezi: huchagui pa kuanzia, na pa kuanzia ndipo penye somo lote.

Kabla ya kuachia, hakikisha meza imelala sawa kwa pimamaji. Nimeagiza ya pili niziweke bega kwa bega, na mjomba ameniambia nisiifungue boksi mpaka awepo.