Uchambuzi: Katuni ya Martin Luther King ya mwaka 1957, kurasa 16 tu

Habari zenu watazamaji, karibuni tena. Leo nina kitabu chembamba kweli, kurasa 16 basi. Kinaitwa Martin Luther King and the Montgomery Story, habari ya mchungaji King, mtetezi wa haki za watu weusi Marekani, na ya Montgomery, mji wa jimbo la Alabama ambako watu weusi walisusia mabasi yaliyowabagua. Hii niliyoshika ni chapa ya siku hizi ya wachapishaji Top Shelf, lakini katuni yenyewe ni ya mwaka 1957, na iliuzwa senti 10 za Marekani.

Tuanze na jalada. Hebu nisogeze karibu na kamera. Mnamwona King, kijana bado, amefunga tai. Sasa someni maneno yanayofuata jina la kitabu: yanasema hii ni habari ya watu weusi 50,000 waliopata njia mpya ya kukomesha ubaguzi wa rangi. Elfu hamsini! Kitabu kina jina la mtu mmoja, lakini jalada limeshautaja mji mzima. Hapo ndipo kiliponikamata.

Wanaopenda katuni za zamani za elimu watanielewa. Chukua True Comics, iliyoanza 1941 chini ya wachapishaji wa Parents' Magazine, toleo la kwanza likiwa na Winston Churchill jaladani. Waliona watoto wamezama kwa mashujaa wanaopaa angani, wakaamua kuwapa habari za kweli: wavumbuzi, wapelelezi, majenerali. Nazipenda, zinasomeka vizuri. Ila mtindo ni ule ule: shujaa anazaliwa, anahangaika, anashinda, kwisha. Msomaji anabaki kupiga makofi. Hii ya Montgomery inampa msomaji kazi ya kufanya.

Waliotoa kitabu ni Fellowship of Reconciliation, shirika la kidini la wapenda amani. Na hebu fikirieni wakati wenyewe. Mwaka 1954 Baraza la Seneti la Marekani lilikuwa limewaweka wachapishaji wa katuni kitimoto, wakituhumiwa kuharibu watoto, na wachapishaji wakajiwekea kanuni kali. Miaka mitatu baadaye watu wa dini wanaamua kuieleza harakati nzito namna hii kwa katuni. Ule ulikuwa ujasiri. Alfred Hassler na Benton Resnik ndio walioandika, na King mwenyewe aliisoma kazi kabla haijachapishwa, akatoa maoni yake. Zikachapishwa nakala zipatazo 250,000.

Ndani, anayesimulia si King. Ni mkazi wa Montgomery aitwaye Jones, mtu wa kubuni, wa kawaida kabisa. Kupitia kwake tunafika Desemba 1, 1955, Rosa Parks, fundi cherehani, anakataa kumpisha mzungu kiti ndani ya basi na anakamatwa. Watu wanasusia mabasi. Wanatembea kwa miguu, wanabebana kwenye magari yao, siku 381. Nyumba ya King inalipuliwa kwa bomu na bado anawatuliza watu wake waache silaha. Kisha hadithi inakwenda India kwa Gandhi, kuonyesha mbinu hii ilikotoka.

Halafu zinakuja kurasa za mwisho, na kwangu hizi ndizo zinazobeba kitabu kizima. Zinafundisha namna ya kufanya. Chagua jambo moja la kushughulikia. Pata ukweli wake wote kwanza. Nenda ukazungumze na wahusika. Mwone mpinzani wako kuwa ni binadamu. Imeandikwa kana kwamba mtu amekaa nawe barazani anakuelekeza. Na haikuwa nadharia, maana kule Montgomery, kabla ya kurudi kwenye mabasi Desemba 1956, watu walipanga viti kanisani kama siti za basi, mmoja akajifanya mbaguzi wa kutukana, mwingine akajizoeza kukaa kimya. Walikuwa wanafanya mazoezi ya uvumilivu!

Michoro ni safi, nyuso zina heshima, hakuna kumchora mtu mweusi kama kichekesho, jambo lililokuwa kawaida mno enzi zile. Jina la mchoraji halikuwekwa, na kwa miaka mingi watu hawakumjua, hadi alipotambuliwa kuwa ni Sy Barry, yule aliyekuja kuchora The Phantom, katuni ya shujaa aliyevaa kinyago.

Kasoro ipo, na mimi inaniuma. Wanawake wamepunjwa. Claudette Colvin, binti wa miaka 15, alikataa kusimama miezi tisa kabla ya Rosa Parks. Jo Ann Robinson na wenzake walikesha wakichapa maelfu ya vipeperushi vya kuwaita watu wasusie. Bila usiku ule hakuna Jumatatu ile mgomo wa mabasi ulipoanza. Ukimpa mtoto kitabu hiki, mweleze habari za hawa wawili kwa mdomo wako. Pia kuna kurasa zimejaa maneno, fremu inabanwa.

John Lewis, mmoja wa viongozi wa harakati za haki za watu weusi Marekani, alikisoma akiwa kijana, akawa mbunge, na kuanzia 2013 akatoa maisha yake mwenyewe kwa katuni, March, pamoja na Andrew Aydin na Nate Powell. Na kitabu hiki cha Montgomery kilitafsiriwa kwa Kiarabu mwaka 2008. Natamani siku moja nikishike kwa Kiswahili.

Alama zangu ni tisa kwa kumi, hiyo moja nimewawekea Claudette na Jo Ann. Kinamfaa mtoto wa miaka kumi na kuendelea, na walimu wa historia nawaomba sana mkitafute. Nakala za kidijitali za toleo la 1957 zipo mtandaoni, mnaweza kuzisoma bure leo hii.