Baiodigesta ya nyumbani Kisumu: tangi ni zuri, lakini maji yake yanaenda wapi?

Tangi hili la zege linalofukiwa uani, ambalo mafundi wengi wa Kisumu huliuza kwa jina la baiodigesta, linajua kazi moja: kutenganisha kinyesi na maji. Kazi hiyo linaifanya vizuri, na harufu haipo. Kusafisha maji yenyewe, kama wanunuzi wanavyoahidiwa, haliwezi.

Bakteria wa ndani, sawa na wale wa septiki ya kawaida, hupunguza BOD, yaani uchafu unaokula oksijeni ya maji, kwa thuluthi moja hadi nusu tu. Kanuni za ubora wa maji za mwaka 2006 zilitaka maji yanayomwagwa mtoni yasizidi miligramu 30 za BOD kwa lita, wala yasiwe na E. koli, bakteria wa kinyesi. Ya tangini hutoka na zaidi ya miligramu 100, na vijidudu kwa mamilioni. Fundi akielekeza paipu kwenye mtaro, mzigo huo unaishia mto Auji au Kisat, kisha Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambayo kina chake ni kifupi na mlango wake wa kutokea ziwani ni mwembamba. Naitrojeni na fosforasi, ambazo tangi huziacha zipite karibu zote, ndizo mbolea ya magugumaji. Kwa hilo hakuna punguzo la bei linalonifanya nilisifu.

Kuhusu ukubwa, piga hesabu mwenyewe. Watu 10 wakitumia lita 80 kila mmoja ni lita 800 kwa siku. Zikitulia siku mbili, 1,600. Tope huongezeka takriban lita 40 kwa mtu kwa mwaka, kwa hivyo miaka 3 ni lita 1,200 zaidi. Hapo umefika 2,800. Tangi la lita 1,000 kwa nyumba kama hiyo ni kupoteza pesa. Na yule anayekwambia "hutaita gari la kunyonya maisha yako yote" anakudanganya: mchanga na nywele haviozi humo.

Kabla ya kufukia, chungulia paipu ya kutokea ya inchi nne. Upande wa ndani lazima iwe na kiungo cha T, mguu wake ukishuka kama thuluthi moja ya kina cha maji. Mafundi wenye haraka hukiruka. Kikikosekana, ule utando wa mafuta unaoelea juu hupita moja kwa moja hadi kwenye shimo la kunyonyea, yaani lile ambamo maji ya tangi huzama udongoni, na kuganda ukutani, mweusi, unateleza kama jeli. Udongo hauvuti tena, na maji yanarudi bafuni. Maji ya jikoni yapitie kwanza kinasa mafuta, na usimwage chupa nzima ya Jik kwa mkupuo mmoja.

Udongo ndio unaoamua yote. Chimba kishimo hadi kina cha shimo la kunyonyea, kijaze maji, kiache usiku kucha. Asubuhi kijaze tena upime: maji yakichukua zaidi ya saa moja kushuka sentimita 2.5, acha mpango huo. Udongo mweusi wa Nyalenda na Nyamasaria hufeli mara nyingi. Ule mwekundu wa Kakamega hupita. Chini ya shimo pabaki angalau mita 1.2 kabla ya kufikia maji ya ardhini wakati wa masika, na kisima kiwe mbali mita 30. Katika viwanja vya Manyatta, umbali huo ni nadra kuupata.

Tangi la plastiki lina hatari yake. La lita 3,000 likiwa tupu huku ardhi imejaa maji, husukumwa juu kwa nguvu ya karibu tani 3 na kuvunja mabomba. Lijazwe maji kabla ya kufukiwa, tena lifungwe kwenye sakafu ya zege.

Alama: 4 kati ya 5 penye udongo unaonyonya, 1 penye udongo mweusi. Huko unganisha na bomba la umma la majitaka kama linapita karibu. Kama halipo, jenga tangi lisilo na tundu la kutokea, uite gari, na udai stakabadhi ya mahali lilipomwaga.