Deli Moja na Masanduku Manne, Mtwara–Masasi na Kurudi: Uzoefu Wangu

Mwezi wa saba mdogo wangu aliingia kwenye mbio za baiskeli za klabu yao: kutoka Mtwara mjini hadi Masasi na kurudi siku hiyohiyo, kama kilomita 400. Mimi nikapewa gari la msaada. Ndani ya Noah tulikuwa watatu: shemeji kwenye usukani, binamu yetu ambaye ni fundi baiskeli, na mimi niliyebeba dhamana ya kila kitakachohitajika njiani. Wiki mbili kabla nilinunua deli moja (sanduku la kutunzia ubaridi) la lita 45 kwa shilingi 95,000, na masanduku manne ya plastiki ya lita 30 kwa shilingi 24,000 kila moja, yale yanayoonyesha vilivyomo na yenye kibanio kila upande. Kabla ya kununua nilitafuta mtu wa huku kusini aliyewahi kuvitumia kwa kazi hii anipe ushauri, sikumpata. Ndiyo maana naandika.

Nianze na deli, maana limenifurahisha sana.

Mwanzoni nilikuwa nimelipenda lile dogo jepesi la rangirangi, la kwendea ufukweni. Mama mmoja anayeuza samaki Feri ndiye aliyenizuia. Aliinua mfuniko wa deli lake, akapitisha kidole taratibu kwenye mpira unaozunguka mdomo, akaniambia, "Mwanangu, kabla ya kuangalia rangi angalia hapa. Mpira ukikatika hata padogo, barafu yako imekwenda." Kisha akanipa mengine mawili ambayo muuzaji wa dukani hakunigusia. Usiku wa kuamkia safari lilaze deli na barafu ndani ili kuta zake zipoe, asubuhi uitoe uweke nyingine. Na usiache uwazi humo ndani, kwa sababu kila ukifungua, hewa ya joto inaingia kukaa pale palipo patupu.

Nilifanya kama alivyosema. Badala ya barafu ya mapande niligandisha chupa sita za maji za lita moja na nusu. Barafu ya mapande ikiyeyuka inakuachia maji yanayolowesha mikate. Chupa ikiyeyuka unapata maji safi ya kunywa. Nafasi zilizobaki nilizijaza kanga mbili kuukuu zilizokunjwa vizuri. Tulitoka mjini saa 10 alfajiri. Saa 7 mchana, Masasi, jua likiwaka juu ya yale majabali, nilichomoa chupa ya chini. Katikati yake bado kulikuwa na bonge la barafu la ukubwa wa ngumi, linagonga kuta za chupa. Mdogo wangu aliliweka shingoni, akafumba macho, hakusema neno kwa dakika nzima. Kwa dakika ile peke yake naona deli limerudisha fedha zangu.

Kasoro yake ni uzito na kizibo. Likijaa, mwanamke mmoja halinyanyui peke yake. Kizibo cha kutolea maji kimewekwa nyuma, upande ambao ukilipanga kwenye Noah kinaangalia kiti. Kama wewe unatumia barafu ya mapande, utasumbuka. Kwangu, kwa kuwa nilitumia chupa, kizibo sikukigusa safari nzima.

Sasa masanduku.

Wazo la kugawa vitu kwa masanduku nililipata kwa kusoma habari za Race Across America, mbio za kuvuka Marekani kutoka pwani moja hadi nyingine, kama kilomita 4,800, zilizoanza mwaka 1982. Kule mpanda baiskeli anayekwenda peke yake anasindikizwa na gari mchana na usiku, na wasaidizi wanapokezana zamu. Kinachowaokoa ni kwamba msaidizi aliyeamka sasa hivi anajua kitu kiko wapi bila kumwamsha mwenzake. Safari yetu ilikuwa ya siku moja tu, lakini nililichukua lile. Nikaandika kwa herufi kubwa, kwa kalamu ya wino usiofutika, kwenye mfuniko na pande zote: KULA, MWILI, BAISKELI, USIKU.

KULA ndilo lililofanya kazi kuliko yote. Mwendesha baiskeli wa safari ndefu anahitaji wanga wa gramu 60 hivi kila saa, wengine waliozoea wanafika 90, na maji nusu lita hadi robo tatu lita kwa saa, zaidi kidogo jua likiwa kali. Nilipiga hesabu ya saa 16 za kupanda, nikapata lita 12 za maji kwa ajili yake tu. Jumla tulipakia lita 30, pamoja na yetu na ya kunawa. Chakula kilikuwa cha hapahapa: ndizi mbivu, viazi vitamu vya kuchemsha vilivyokatwa vipande vya kumeza mara mbili, tende zilizotolewa kokwa, vitumbua, kashata za nazi. Korosho nilizibeba pia, Mtwara hatuwezi kuziacha, ila zina mafuta mengi na hukaa tumboni muda mrefu. Nilimpa chache tu, za kurudishia hamu ya chumvi, pale alipokuwa anakwenda taratibu.

Kila kitu kilifungwa kwenye vifuko vidogo, kifuko kimoja kwa saa moja, na namba ya saa juu yake. Fanyeni hivi jamani. Saa ya kumi na mbili ya safari hakuna kichwa kinachoweza kukumbuka amekula nini. Ukikuta kifuko namba 9 bado kipo sandukuni na saa ya kumi imeingia, unajua una mgonjwa mbele ya safari.

Kwenye MWILI niliweka pakiti za ORS, ile dawa ya kurudisha maji na chumvi mwilini, na kijiko na chumvi na sukari endapo pakiti zingeisha: lita moja ya maji safi, vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko cha chumvi. Mafuta ya kupaka mapajani, bandeji, dawa ya kusafishia vidonda, soksi, kaptula ya pili. Na vitambaa vya kufunika pua. Hivi vya mwisho mtu wa Dar hawezi kuvifikiria, ila mkulima wa korosho ananielewa. Mwezi wa saba mikorosho inapuliziwa salfa, dawa ya unga, na kazi hiyo hufanyika alfajiri kabla upepo haujaamka. Tulipopita Mpapura kulikuwa na ukungu wa njano umetanda hadi barabarani, unawasha macho. Nilimpokeza kitambaa kilicholoweshwa maji, akajifunga huku anaendelea kukanyaga. Kwa kuwa sanduku linaonyesha ndani, nilikuwa nimekiona na kukishika kabla hata hajamaliza kuita "Dada!"

Hapo masanduku yalistahili sifa. Shida ilikuja jioni.

Nilikuwa nimeyapanga mawili juu ya mawili, BAISKELI likiwa chini, kwa kuwa lilikuwa zito: pampu, spana, cheni ya akiba, nyaya za breki, viraka na solusheni, tyubu tano, tairi moja iliyokunjwa. Joto la mchana lilikuwa limelainisha plastiki, mfuniko ukaanza kubonyea katikati. Tumeshaipita Mtama tunarudi pwani, kama saa 12 jioni, gari likaingia kwenye shimo, nikasikia "kwach". Kibanio cha kushoto cha BAISKELI kimekatika. Sikukijali. Dakika kumi baadaye tairi la nyuma la mdogo wangu likatoa upepo.

Baiskeli ya mbio ina valvu nyembamba. Pampu tuliyobeba ni ile ya kawaida ya hapa mtaani, kwa hiyo ilihitaji kile kipande kidogo cha shaba kinachofungwa kwenye valvu ili pampu ikubali. Kipande hicho kilikuwa ndani ya BAISKELI, kwenye kikopo cha filamu, juu kabisa. Mfuniko ulipofunguka, kikopo kiliruka. Binamu alishakwisha badilisha tyubu, mikono myeusi kwa grisi, anasubiri. Mimi niko chini ya kiti cha nyuma na tochi ya simu, napapasa katikati ya chupa tupu na kanga. Mdogo wangu amesimama pembeni ya barabara, jasho linamkauka, paja la kulia linamtetemeka lenyewe. Dakika kumi na moja. Nilizihesabu, na bado zinaniuma, kwa sababu wenzake wawili walipita hapo wakiwa wanatupungia mkono.

Niliporudi dukani na kibanio mkononi, niliambiwa bidhaa ikishatoka mlangoni hairudi. Sawa, ila wangeniambia mapema kwamba vibanio havibadilishwi wala haviuzwi peke yake. Ukinunua masanduku ya aina hii, jaribu kwanza: fungua na ufunge kibanio mara ishirini palepale dukani, na ubonyeze katikati ya mfuniko kwa viganja viwili. Ukizama, usiweke kitu juu yake.

Na tyubu nunueni mapema. Za baiskeli za mizigo tunazopanda huku kila duka linazo. Za magurudumu membamba ya mbio mimi nilizikosa Mtwara, ikabidi ziagizwe Dar na kuletwa kwa basi. Msitegemee kuzipata Ndanda wala Masasi siku ya safari.

Sanduku la USIKU nililifungua Mnazi Mmoja, pale barabara ya Masasi inapokutana na ya Lindi. Giza lilikuwa limeshika. Taa mbili za mbele, mbili za nyuma, kizibao chenye mistari inayoakisi mwanga, pawabanki, jaketi jepesi, chupa ya chai ya tangawizi. Sanduku hili halikuwa limeguswa tangu asubuhi na kila kitu kilikuwa pale nilipokiacha. Kutoka hapo hadi mjini imebaki zaidi ya kilomita 80, na upepo wa kusi ulikuwa unamkabili. Shemeji alikaa nyuma yake na taa za gari, tukaenda polepole hivyo hadi taa za Mikindani zikaonekana kwenye maji. Alifika mjini saa 5:40 usiku.

Nikiulizwa leo: deli nalipa nyota tano, na ningelinunua tena kesho. Masanduku nayapa tatu. Kuonyesha vilivyomo ni msaada mkubwa kwa mtu anayetafuta kitu gari likiwa linatembea, ukubwa wa lita 30 unaenea vizuri nyuma ya Noah, lakini vibanio ni vyepesi kwa barabara ndefu na mfuniko haubebi mzigo. KULA na MWILI nitaendelea nayo. Vitu vya BAISKELI nimevihamishia kwenye ndoo ya lita 20 yenye mfuniko wa kuzungusha, na kile kipande cha shaba sasa kimefungwa kwa kamba kwenye pampu yenyewe.

Ile tyubu iliyopasuka karibu na Mtama binamu aliikata mipira minne mirefu, kama ile ya kufungia magunia kwenye keria. Kila sanduku sasa lina wake, unapita juu ya mfuniko na kunaswa chini. Tumeshapita nayo barabara ya vumbi ya Msimbati mara mbili, na mfuniko haujafunguka.